Mazoezi ya bondia bila kupigwa kichwani: dawa ya presha na mawazo kwa watu wa mpakani

Mfanyabiashara anayevuka Namanga, Busia au Mutukula kila wiki hujua hesabu ya kila kitu: bei ya dola asubuhi ile, ushuru wa kila katoni, nauli ya bodaboda kutoka stendi. Hesabu moja tu humpita, nayo ni ya saa anazokaa kitako. Usiku kucha yuko ndani ya basi. Asubuhi yuko kwenye benchi akisubiri mzigo ukaguliwe, mchana yuko dukani, na jioni yuko mbele ya sahani ya chipsi kwa sababu ndicho chakula kilichopatikana karibu na gesti. Mwaka ukiisha, kiuno kinauma na ngazi za ghorofa ya pili zinamtoa jasho. Siku anapopimwa presha kwa bahati tu, muuguzi anarudia kipimo mara mbili.

Presha ya juu haipigi hodi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi akijiona mzima, na wapo wanaoijua siku walipopatwa na kiharusi, mbali na nyumbani, mzigo ukiwa bado uko bohari.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Ushauri huo hauna ubishi. Kinachosumbua ni mahali pa kuutekeleza. Mpira wa miguu unataka uwanja na watu. Kukimbia alfajiri katika mji wa watu, na fedha za mzigo zimefungwa kiunoni, ni kujitafutia balaa. Ndiyo maana inafaa kuutazama mchezo ambao Nairobi wanauita ndondi, Dar es Salaam ngumi au masumbwi, na ng'ambo ya Kongo boksi. Mazoezi yake mengi hayahitaji mpinzani wala nafasi kubwa kuliko mkeka wa kulalia.

Chumba cha hatua tatu

Ushahidi mzuri wa jambo hilo hautoki kwa bingwa wa dunia, bali kwa wakili. Miaka ya 1950 Nelson Mandela alikuwa akifanya mazoezi ya ngumi jioni katika ukumbi wa jamii wa Orlando, Soweto. Katika kitabu cha maisha yake, Long Walk to Freedom, anaeleza kwamba hakupenda ukatili wa ndondi bali maarifa yake: namna mtu anavyousogeza mwili wake ili ajilinde, na anavyopanga mwendo wake kwa muda mrefu. Anaeleza pia kwamba baada ya mazoezi alijisikia mwepesi, mwilini na akilini, na kesho yake alirudi kwenye mapambano ya siasa akiwa na nguvu mpya. Ndani ya ukumbi ule, vyeo, umri, rangi na mali havikuwa na kazi.

Kisha akafungwa. Huko Robben Island chumba chake kilikuwa kidogo kiasi kwamba alikivuka kwa hatua tatu. Humo ndani aliendelea na ratiba yake ya zamani ya bondia: Jumatatu hadi Alhamisi asubuhi alikimbia papo hapo hadi dakika 45, akapiga pushapu 100 kwa ncha za vidole, akainuka kutoka chali mara 200, akachuchumaa mara 50. Siku tatu zilizobaki alipumzika. Alikaa kifungoni miaka 27, na alipotoka mwaka 1990 akiwa na umri wa miaka 71 alitembea kwa miguu yake, mgongo umenyooka.

Hakuna anayetakiwa kufikia idadi hizo. Ila chumba cha gesti yoyote ya Tunduma au Malaba kina nafasi zaidi ya ile, na mlango wake hufunguliwa kwa ndani.

Mwili unapata nini

Raundi ya ndondi za wanaume wa kulipwa ni dakika tatu, kisha mapumziko ya dakika moja. Mazoezi hufuata saa hiyo hiyo. Moyo unapandishwa, unaachiwa kidogo, unapandishwa tena. Mwendo huo wa kupanda na kushuka huufundisha moyo kusukuma damu nyingi kwa mapigo machache, na mtu anayeudumisha wiki baada ya wiki kwa kawaida huona presha ikishuka kidogo. Anayetumia vidonge vya presha asiviache kwa sababu ameanza kuruka kamba; uamuzi wa kupunguza dawa ni wa daktari.

Jambo ambalo wageni wa mchezo huu hawalitegemei ni kwamba ngumi haianzi mkononi. Inaanzia kwenye mpira wa unyayo wa nyuma, inapanda kwenye goti, nyonga inazunguka, bega linafuata, na mkono unafika mwisho kabisa. Anayepiga kwa mkono peke yake huchoka kabla ya raundi ya pili. Kwa hiyo misuli inayofanya kazi kubwa ni ya miguu, tumbo na mgongo wa chini, ile ile inayolegea kwa kukaa na kisha kudaiwa ghafla siku ya kushusha marobota. Kuruka kamba huimarisha ndama na vifundo vya miguu. Kurudi nyuma hatua mbili na kwenda pembeni moja bila kuvuka miguu hufundisha mizani, na mizani ndiyo humwokoa mtu mzima asianguke kwenye ngazi za boti.

Mwenye magoti mabovu hahitaji kuruka. Kunyanyua visigino kwa zamu, mikono ikiendelea kufanya kazi, kunatosha kumtoa jasho.

Akili, hasira na usiku wa Kinshasa

Wapo wanaosema begi la ngumi ni mahali pa kumalizia hasira: mpigie pale wakala aliyekuchelewesha, mpigie mteja aliyekimbia na deni. Ni imani iliyoenea, na haisimami. Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani Brad Bushman alichapisha jaribio ambalo watu waliokasirishwa waligawanywa. Baadhi walipiga begi huku wakimfikiria aliyewaudhi, wengine walikaa kimya. Waliopiga begi wakimwaza mtu ndio waliobaki na hasira nyingi zaidi. Mkono unachoka, lakini kinyongo kinalishwa.

Faida ya akili inatoka mahali pengine. Kocha anaita namba: moja ni ngumi ya kushoto iliyonyooka, mbili ni ya kulia, tatu ni ya kuzungusha. Moja-mbili, inama, tatu, toka. Anayewaza deni anakosea mpangilio papo hapo. Kwa dakika tatu akili inalazimika kukaa sehemu moja, jambo ambalo simu ya mfanyabiashara hailiruhusu mchana kutwa. Pumzi nayo inafungwa kwenye ngumi: kila pigo linatoka na pumzi fupi puani au kwa sauti ya meno, kwa sababu anayebana pumzi huishiwa haraka. Mazoezi ya namna hii, kama mazoezi mengine yanayoinua mapigo ya moyo, husaidia usingizi na hupunguza wasiwasi na huzuni ya kiasi. Huzuni nzito, ile inayomfanya mtu atamani kutoamka, inataka daktari au mshauri, na begi haliwezi kuchukua nafasi yake.

Somo maarufu la utulivu lilitolewa ndani ya ukanda huu wenyewe. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, Muhammad Ali alikutana na George Foreman ambaye hakuwa amewahi kushindwa katika mapambano 40 ya kulipwa. Pambano lilianza saa kumi usiku ili watazamaji wa Marekani walione kwenye saa zao za jioni. Badala ya kukimbia, Ali alijiegemeza kwenye kamba, akaziba uso na mbavu, akamwacha mwenzake apige. Foreman alipiga hadi mikono ikawa mizito. Raundi ya nane Ali alitoka kwenye kamba na kumwangusha. Mtu aliyewahi kujadiliana bei Kariakoo, Gikomba au Owino anaelewa bila kuelezwa: anayepaza sauti mwanzo hadi mwisho mara nyingi ndiye anayeishiwa kwanza.

Gharama iliyofichwa

Lakini Kinshasa ina upande wa pili. Miaka kumi baada ya usiku ule, akiwa na umri wa miaka 42, Ali aliambiwa ana ugonjwa wa Parkinson. Madaktari hawajakubaliana ni kwa kiasi gani ngumi zilichangia. Kuhusu ubongo wa mabondia kwa jumla hakuna mashaka hayo: tangu mwaka 1928, Dkt. Harrison Martland wa Marekani alipoandika kuhusu mabondia wanaoyumba na kupoteza kumbukumbu, imejulikana kuwa mapigo mengi ya kichwa huacha alama zisizofutika.

Kenya haihitaji kufundishwa hilo. Robert Wangila, Mkenya pekee aliyetwaa dhahabu ya ndondi katika Olimpiki, alishinda Seoul mwaka 1988. Mwaka 1994 alifariki kwa majeraha ya kichwa baada ya pambano Las Vegas, akiwa kijana wa miaka 26.

Kwa hiyo faida zote zilizotajwa juu zinapatikana kwenye kamba, kivuli, begi na pedi za kocha. Hakuna hata moja inayodai mtu apigwe kichwani. Kofia ya kinga hupunguza kuchanika na uvimbe, ila haiuzuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Mwenye miaka 45, familia na mzigo njiani hana sababu ya kuingia ulingoni, hata kocha akisema watapigana kidogo kidogo tu.

Wapo waliolichukua wazo hilo mbali kuliko mtu angedhani. Tangu mwaka 2006 mpango wa Rock Steady Boxing, ulioanzia Indianapolis, Marekani, unawafundisha wagonjwa wa Parkinson wenyewe mazoezi ya bondia, bila kupigwa, ili miguu na mizani yao idumu. Nairobi, mtaani Kariobangi, shirika la Boxgirls limewafundisha wasichana ngumi kwa ajili ya kujilinda na kujiamini. Na tangu Elizabeth Andiego alipoiwakilisha Kenya London mwaka 2012, Olimpiki ya kwanza kuwa na ndondi za wanawake, imekuwa vigumu kumwambia mama wa vitenge kwamba jimu ya ngumi si mahali pake.

Jioni ya kwanza gesti

Kabla ya yote, apime presha. Zahanati nyingi hufanya hivyo kwa dakika chache. Mwenye presha ya juu sana, ugonjwa wa moyo au ujauzito amwone daktari kwanza.

Wiki mbili za mwanzo zisizidi raundi nne za dakika moja moja, na mapumziko ya dakika moja. Raundi ya kwanza ni kukimbia papo hapo. Ya pili ni kivuli: mguu wa kushoto mbele kwa anayetumia mkono wa kulia, magoti yamelegea, ngumi mbili usawa wa mashavu, kidevu chini, na mkono unaotoka urudi shavuni kila mara. Ya tatu ni kuchuchumaa na kuinuka taratibu. Ya nne ni kivuli tena. Kisha dakika zinaongezwa hadi raundi ya tatu tatu. Siku tatu kwa wiki zinatosha, na basi la usiku lihesabiwe siku ya mapumziko.

Anayetaka begi alitafute lililojazwa vitambaa. Makocha wengi hujaza nguo chakavu, na katika marobota ya mitumba hazikosekani. La mchanga mtupu hushuka chini, likawa gumu kama nguzo na kuumiza vifundo vya mkono. Bendeji ifungwe kabla ya glavu, hata kwa dakika tano.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi isiyorudi ni amri ya kuacha papo hapo na kwenda hospitali. Na kama kwa bahati mbaya mtu amepigwa kichwani, kisha anatapika, anasinzia kuliko kawaida, anachanganya maneno au kichwa kinazidi kuuma, asipande basi usiku huo. Mzigo utasubiri, akae na mtu karibu, na apelekwe hospitali ya upande wowote wa mpaka ulio jirani.