Demarere inayolia: sikilizeni kabla ya kununua

Jirani yetu mmoja ana motokari ya Volkswagen ya mwaka 1968, ile yenye umbo la kobe, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Kila asubuhi alipozungusha ufunguo, mtaa mzima uliamka: kwanza mkwaruzo, kisha ngurumo nzito kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka, mwishowe injini ikakubali shingo upande. Akaenda garaji, akaambiwa demarere imekufa. Akanunua nyingine. Siku chache zikapita, mlio ukarudi. Akanunua ya pili, na mambo yakawa yale yale. Alipokuja kwetu, fedha za masomo ya watoto zilikuwa mfukoni mwake, naye aliuliza kama anunue ya tatu, ama aiuze motokari kwa bei ya chuma kikuukuu.

Demarere, ambayo ndugu zetu wa Kenya na Tanzania huiita stata, ni mashini ndogo ya umeme yenye kazi ya sekunde chache tu. Zamani injini iliwashwa kwa mkono, kwa kuzungusha chuma mbele ya motokari, na chuma kile kiliporudi nyuma kwa ghafula kilivunja mikono ya wengi. Mwaka 1911 Mmarekani Charles Kettering alitengeneza chombo cha umeme cha kuifanya kazi hiyo, na kampuni ya Cadillac ikakiweka katika motokari zake za mwaka 1912.

Katika Volkswagen ya jirani yetu kazi huenda hivi. Ufunguo ukizungushwa, sumaku ya umeme iliyofungwa juu ya demarere husukuma gurudumu dogo la meno mpaka liumane na meno ya gurudumu zito la injini. Ndipo umeme mwingi unapoingia na kuyazungusha yote mawili. Injini ikishika moto, lile dogo hurudi mahali pake. Kila hatua ina ugonjwa wake, na kila ugonjwa una sauti yake.

Ukisikia “ta!” moja tu, kisha kimya, usiilaumu demarere upesi. Tazama kwanza bateri, vichwa vyake vyenye kutu, na ule utepe wa waya unaounganisha sanduku la gia na mwili wa motokari. Ukisikia demarere ikivuma kwa kasi nayo injini haisogei, gurudumu dogo halikushika, ama kishikio chake kinateleza. Mlio ukiendelea baada ya injini kuwaka, gurudumu dogo limekawia kurudi, mara nyingi kwa sababu ya uchafu na mafuta yaliyoganda. Mkwaruzo wa meno nao una jaribio jepesi: injini ya silinda nne hupenda kusimama mahali pale pale kila inapozimwa, na kwa hiyo meno huliwa zaidi hapo. Ufunguo ukiwa umetolewa na gia ikiwa huru, zungusha injini kidogo kwa mkono, kisha ujaribu tena. Mlio ukitoweka, meno ya gurudumu kubwa ndiyo yenye kosa.

Tulifanya jaribio hilo. Mlio haukubadilika hata kidogo.

Basi tukamwita mzee mmoja fundi, ambaye ameshinda chini ya motokari za namna hii tangu ujana wake. Hakuomba ufunguo. Alisema tu, “Mwalimu, nionyesheni zile za zamani.” Jirani akamletea zile mbili zilizotolewa. Mzee akazifungua, akatuonyesha mikwaruzo inayong'aa upande wa ile sehemu inayozunguka: ilikuwa ikigusa vyuma vya pembeni, jambo lisilopasa kuwa kamwe. “Demarere hizi hazikuwa na kosa zilipoingia,” akasema. “Ziliharibiwa humo ndani.”

Hapa ndipo penye siri ambayo garaji ile haikuitazama. Katika Volkswagen hizi, ncha ya mhimili wa demarere haishikwi na demarere yenyewe. Huingia katika bushi, pete ndogo ya shaba iliyopigiliwa ndani ya ganda la sanduku la gia. Ukiitoa demarere, bushi hubaki nyuma gizani. Ikiwa imelika, mhimili hupwaya, demarere huinama, meno hayaumani sawasawa, na kila mpya utakayoinunua itaimba wimbo ule ule.

Wako pia wanaochanganya vyombo vya miaka mbalimbali. Kuanzia mwaka 1966 kiwanda kilianza kuweka umeme wa volti 12 katika Volkswagen nyingi badala ya volti 6. Gurudumu zito la awali lilikuwa na meno 109, lile la volti 12 lina meno 130. Mhimili wa demarere ya volti 12 tena ni mwembamba kuliko ule wa volti 6, na ukiutia katika bushi ya zamani utapwaya tangu siku ya kwanza. Muuzaji asiyeuliza mwaka wa motokari yako, mwache na mali yake.

Kabla ya kuingia chini, mzee aliondoa waya wa bateri, iliyo chini ya kiti cha nyuma, kwa kuwa waya mnene wa demarere una umeme hata ufunguo ukitolewa. Akaweka vigogo imara chini ya motokari. Jeki peke yake hakuiamini, nasi tunasema alifanya vema. Wako na wale wanaogusisha bisibisi kwenye demarere ili iwake. Gia ikiwa imeingia, motokari huruka na kumpanda aliye chini.

Mmoja wetu alishika nati ya juu kwa upande wa injini, mzee akafungua kwa chini. Akatia kidole tunduni, kisha akamwita jirani naye atie chake: pete ilikuwa imeliwa upande mmoja hata kuwa kama yai. Akachonga nyuzi ndani yake, akaingiza bolti, akaivuta nje. Bushi mpya, ambayo bei yake si kitu mbele ya bei ya demarere, ilikuwa imelala katika mafuta usiku kucha, maana shaba yake ina vitundu vya kuyanywa. Akaipigilia taratibu, akarudisha demarere na kukaza vema, kwa kuwa bolti zilizolegea nazo huleta kelele.

Jirani akazungusha ufunguo. Injini ikawaka kabla mbwa hajapata nafasi ya kubweka. Fedha za masomo zililipwa juma lile lile, na demarere zile mbili ziko bado sandukuni mwa mzee, akitafuta kama sehemu zake zitaweza kufanya moja nzima.