Fahamu: Kwa nini saladi huwa chungu msimu wa joto

Saladi, au letusi, ni mboga ya baridi. Hustawi kwenye nyuzi joto 15 hadi 20 za Selsiasi, ndiyo maana Lushoto yenye baridi inaikubali na Dar es Salaam ya Januari inaitesa.

Joto huifanya nini?

Mmea hukimbilia kutoa maua. Shina hurefuka, majani hukakamaa, na utomvu mweupe unaochuruzika ukilikata shina huyatia uchungu. Mbegu nazo, udongo ukipita nyuzi 30 hivi, nyingi hugoma kuota.

Mkulima afanyeje?

Kitalu kiwe kivulini, mbegu zifunikwe kwa udongo kiduchu tu. Shambani aweke neti ya kivuli na matandazo, amwagilie alfajiri, achume majani yangali machanga. Asiyetaka usumbufu apande mchicha, usioogopa jua.