Mkono wa mvuvi ni mtaji: jifunze kunasua samaki bila kuumia

MVUA za kwanza zinaponyesha mkoani Tabora, kila mkono una kazi. Kuna matuta ya tumbaku, kuna mahindi, kuna karanga.

Jirani yangu mmoja, mkulima ambaye pia huuza samaki, alikaa kando ya kazi hizo wiki tatu nzima. Hakuumwa malaria, wala hakujikata na jembe. Alichomwa na mwiba wa kambare jioni moja alipokuwa akimtoa kwenye ndoana. Alipuuza kidonda, siku ya tatu mkono ukavimba hadi kwenye kiwiko. Fedha ya mbolea ikaishia kwa vibarua.

Ndugu msomaji, kumtoa samaki kwenye ndoana tunakuona ni jambo dogo. Ukilipigia hesabu si dogo hata kidogo.

Biashara ya samaki katika njia hii ni ya siku nyingi. Misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapumzika Tabora na kuendelea Ujiji, ililazimika kuvuka Mto Malagarasi, na chumvi ya Uvinza ilikuwa bidhaa kubwa njiani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika wakapata njia ya haraka zaidi. Lakini Tabora ina samaki wake pia: wa Mto Ugalla, Ziwa Sagara, bwawa la Igombe na malambo ya vijijini. Huko ndiko wakulima wengi hutega ndoana baada ya kazi za shamba.

Mjue samaki wako

Kambare ana miiba miwili migumu, mmoja kila upande nyuma ya kichwa. Hana magamba, anateleza. Tena anaweza kuvuta hewa ya juu, hivyo hukaa hai saa nyingi nje ya maji. Usidhani amekufa kwa sababu ametulia.

Gogogo ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, naye huisimamisha na kuifunga kabisa anaposhikwa. Perege ana safu ya miiba mgongoni. Kamongo hachomi, bali huuma, na taya zake ni kali. Usitie kidole kinywani mwake hata kama amelegea.

Ua kwanza, nasua baadaye

Kosa kubwa la wengi ni kupambana na samaki aliye hai. Kama samaki ni wa kula au wa kuuza akiwa amekufa, mpige rungu moja la nguvu juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho. Akishatulia kabisa ndipo ushughulikie ndoana.

Kabla ya hapo, ondoka ukingoni. Ugalla na Sagara kuna mamba, na mtu aliyeinama akihangaika na samaki hamwoni. Kwa sababu hiyo hiyo usitupe matumbo ya samaki mahali watu wanapochota maji.

Mlaze samaki juu ya gunia lililoloweshwa. Mkandamize nyuma ya kichwa, kidole gumba kikae nyuma ya mwiba mmoja na vidole vingine nyuma ya mwiba wa pili. Legeza mshipi. Shika shina la ndoana kwa koleo, ile ambayo mafundi huiita plaizi, kisha isukume nyuma kwa njia ile ile iliyoingilia. Usivute mshipi kwa nguvu: ndoana ikichomoka ghafla huishia mkononi au jichoni.

Ndoana ikiwa imemezwa, usiing'oe. Kata mshipi, uitoe wakati wa kupasua samaki. Ukiing'oa unachana utumbo, uchafu unasambaa tumboni na nyama inaharibika mapema.

Samaki mchanga unayemrudisha majini, au kambare unayetaka kumuuza hai, hapigwi rungu. Lowesha mikono kwanza, kwani mkono mkavu unamvua ute unaomkinga na magonjwa. Usimshike kwenye matamvua.

Hesabu yake

Tuchukulie umepata kilo 20 na bei ni Sh6,000 kwa kilo. Hiyo ni Sh120,000. Kama kilo tano zimechanika na kupondeka, mnunuzi akazitaka kwa nusu bei, umepoteza Sh15,000 kwa safari moja. Weka bei ya kijijini kwako, kisha ulinganishe na bei ya koleo dukani. Halafu ongeza malipo ya kibarua kwa wiki tatu kama yule jirani yangu.

Anayekausha kwa chumvi au moshi hasalimiki pia. Moshi haumrudishi samaki aliyeanza kuoza kuwa mzuri.

Ukichomwa

Osha kidonda mara moja kwa maji safi mengi na sabuni. Kipande cha mwiba kinachoonekana kitoe. Maumivu yakiwa makali, loweka mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyostahimili, si ya kuunguza. Usipake udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Kisha nenda zahanati ukaulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Uvimbe unaopanda, usaha au homa ni dalili za kutosubiri kesho.

Ndoana ikizama mkononi hadi kijino chake kimepotea ndani ya nyama, kata mshipi na uende nayo zahanati kama ilivyo. Ikiingia jichoni usiiguse. Funika jicho bila kulikandamiza, na msafiri hospitali.

Jambo la mwisho ni sheria. Uvuvi wa biashara unahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na sehemu ya Ugalla imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2019. Muulize ofisa uvuvi wa wilaya mipaka ilipo kabla hujatega.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote huoza. Mfanyabiashara aongeze lake: mkono mmoja ukioza, shamba zima hulala. Koleo, gunia, rungu na kipande cha sabuni vinaenea katika mfuko mmoja. Visikose safari yako ijayo.