Kadi Moja Yenye Kazi Mbili

Muhumba ni rasi ya nyumba za zamani na ofisi katika komini ya Ibanda, Bukavu, na ukisimama pwani yake unaiona Rwanda ng'ambo ya Ziwa Kivu. Mkaazi wa hapo akiombwa kitambulisho benki, kwa muuza laini za simu au bandarini anapopanda meli ya Goma, hutoa kadi ya mpiga kura. Wengi hawana nyingine. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984, kwa hiyo kadi ya Tume ya Uchaguzi, CENI, ndiyo iliyogeuka kitambulisho cha muda. Muda huo ulianza 2005 na haujaisha.

Hapo ndipo daftari la wapiga kura linapochafukia. Kijana wa miaka 16 anayejiongezea umri mbele ya karani huenda hana habari na rais wala diwani. Anataka karatasi ya kusafiria. Aliyepoteza kadi naye huona ni rahisi kujiandikisha upya kuliko kuzungushwa akitafuta nakala. Wote wawili wamevunja sheria, na wote wawili wataonekana kwenye kompyuta za Kinshasa kama wezi wa kura.

Kwa uchaguzi wa 2018, CENI iliandikisha watu kama milioni 46.5. Mashine zilipolinganisha alama za vidole, na watoto walipoondolewa, yalibaki majina 40,287,387. Zaidi ya milioni 6 yalifutwa. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nchi Zinazozungumza Kifaransa, OIF, walipolipitia daftari hilo Mei 2018, walikuta asilimia 16.6 ya walioandikwa hawana alama za vidole. Upinzani ukapiga kelele: hao ni hewa! Huenda wengine walikuwa hewa kweli. Lakini mkulima wa Walungu aliyeshika jembe miaka 40 vidole vyake vimesagika, na karani aliyechoka anaweza kuruka hatua nzima ya kazi. Kuwafuta wote kungewaadhibu walio hai kwa kosa la mashine, na kuwaacha wote bila kuuliza kulitia doa matokeo kabla kura haijapigwa. Haki ilikuwa kuwaita, mmoja mmoja, katika vituo walikoandikishwa.

Wakongomani wana sababu ya kutilia shaka kila anayesema anataka hesabu safi. Januari 2015, serikali ya Joseph Kabila ilileta mswada uliofungamanisha uchaguzi na sensa mpya. Watu walielewa mara moja: sensa ya nchi kubwa namna hii ingechukua miaka, na rais angebaki kitini. Kinshasa iliwaka, Goma na Bukavu wakaandamana, watu kadhaa wakauawa, na kifungu hicho cha sensa kikaondolewa.

Kongo ina desturi yake ya kusafisha daftari: kuanza upya kuandikisha kila mtu. Dawa hiyo huwaondoa marehemu bila kutafuta cheti cha kifo hata kimoja, jambo ambalo Kenya ingelitamani. Mwaka 2017 kampuni ya KPMG ilikadiria kwamba daftari la Kenya la watu milioni 19.6 lilikuwa na marehemu zaidi ya milioni 1, na waliothibitishwa kwa kumbukumbu za vifo walikuwa sehemu ndogo tu.

Ila anayeanza upya humpoteza kila asiyekuwepo siku za kuandikisha. Kivu ya Kusini, mkoa wa Bukavu, iliingia zamu ya tatu ya uandikishaji, Februari 2023. Masisi na Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, zilikuwa vitani, na Kwamouth, karibu na Kinshasa, nayo haikuwa na usalama; zikaachwa nje. Daftari likafungwa na majina milioni 43.9. Ukaguzi wake ulifanywa kwa siku chache na wataalamu walioalikwa na CENI yenyewe. Mpinzani Martin Fayulu na wenzake hawakuukubali. Desemba 20, 2023, bunge lenye viti 500 lilipigiwa kura kwa viti 484 tu. Vilivyobaki ni vya maeneo hayo matatu.

Hata waliobahatika kuandikwa hawakupumua. Wino wa kadi mpya ulififia, sura na jina vikapotea, na watu wakarudi kwenye foleni za nakala wiki chache kabla ya kura.

Corneille Nangaa, aliyeiongoza CENI wakati wa daftari lile la 2018, baadaye aliunda muungano wa AFC pamoja na waasi wa M23. Februari 2025 waliingia Bukavu. Mtu aliyewahi kuamua jina gani libaki na lipi lifutwe akarudi kwa mlango wa bunduki.

Uchaguzi ujao unatarajiwa 2028. CENI ianze na orodha iliyopo, ibandike majina inayotaka kuyafuta kwenye ofisi za mitaa, Muhumba na vilevile komini jirani ya Kadutu, na impe kila mmoja wiki kadhaa za kujitetea pamoja na mashahidi wake. Waliokimbia vita wahamishiwe majina yao kule walikojihifadhi. Na serikali iwape raia kitambulisho kingine. Bila hicho, kumfuta mtu kwenye daftari ni kumnyang'anya pia karatasi ya kupandia meli.