Umepata Kazi Ugenini? Usianze Kesho

Tuseme wewe ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Rombo. Umevuka mpaka wa Holili, ukapita Taveta, ukafika Voi nchini Kenya kumsalimia shangazi yako. Siku ya nne unamtengenezea shangazi mlango wake. Jirani mwenye karakana anapita, anauona mlango. Anakuambia, "Kijana, wewe ni fundi. Njoo kwangu, anza kesho."

Ni furaha kubwa. Lakini kabla ya hiyo kesho, toa pasipoti yako. Utazame muhuri uliogongewa mpakani.

Muhuri ule ni ruhusa ya mgeni. Mtu wa Afrika Mashariki anaweza kupewa hadi miezi 6. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanasema, "Si nina miezi 6? Basi nitafanya kazi miezi 6 nirudi." La! Miezi ile ni ya kutembelea ndugu, kuuguza mgonjwa, kuhudhuria harusi. Kazi ya kuajiriwa haimo, hata ikiwa unalipwa kwa siku.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 ni kali. Mgeni anayefanya kazi bila kibali anaweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000 za Kenya, au kufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Mwajiri naye ana kosa. Lakini yeye yuko kwao, wewe uko ugenini.

Je, ufanyeje? Njia ipo. Mwaka 2009 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia sahihi Itifaki ya Soko la Pamoja. Ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki hiyo inamruhusu mtu wa nchi moja kuajiriwa katika nchi nyingine. Ila kila nchi iliandika orodha ya kazi ilizozifungua. Kwa hiyo swali la kwanza kwa ofisa wa Uhamiaji ni hili: ufundi wangu umo katika orodha?

Kisha dai mkataba wa maandishi. Maneno ya barazani hayapelekwi ofisini. Sasa wewe unajua kusoma, basi usome mwenyewe. Tafuta jina la mwajiri, aina ya kazi, mshahara, na muda. Usipouona mshahara, usitie sahihi.

Huo muda ndio unaoamua karatasi ya kuomba. Kazi isiyozidi siku 90 huombewa pasi maalum. Ikizidi siku 90, unahitaji kibali cha kazi.

Angalia sana tarehe. Itifaki inasema maombi yapelekwe katika siku 15 za kazi tangu mkataba ulipofungwa. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Ukitia sahihi Jumatatu, una kama wiki tatu tu. Nakala za pasipoti, picha na vyeti vya ufundi viwe tayari mapema. Vyeti vikibaki Rombo kabatini, siku zitakwisha unavisubiri. Baada ya maombi kupokelewa, wenye mamlaka wana siku 30 za kutoa kibali. Cha kwanza huwa cha hadi miaka 2, na kinaweza kuongezwa.

Kwa Kenya, anayeshughulikia maombi kwa kawaida ni mwajiri. Siku hizi yanapelekwa kwa intaneti kwenye Idara ya Uhamiaji, ambayo makao yake makuu yako Nyayo House, Nairobi. Usikae kimya nyumbani ukingoja. Mwombe mwajiri nakala ya maombi na stakabadhi. Akikwambia, "Usijali, nina mtu wangu pale," hapo ndipo ujali! Mtu huyo hana stakabadhi, na siku ya msako hatakuwepo.

Na siku zote hizo za kungoja, usishike mashine ya kuchomelea ya yule bwana. Maombi si kibali.

Jambo jingine ambalo mafundi hawaambiwi: kibali cha kuajiriwa ni cha kazi ile, kwa mwajiri yule aliyeandikwa. Karakana ya pili ikikuita kwa mshahara mzuri zaidi, huwezi kuhama nacho mfukoni. Mwajiri mpya lazima akuombee upya, nawe unangoja tena kwa shangazi.