"Uvimbe kwenye moyo": uliza kwanza kama si kalsiamu

Karatasi ya majibu ya eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ikiandikwa "uvimbe kwenye moyo", ukoo mzima hukosa usingizi. Kwa mgonjwa wa Ujiji au Kibirizi, Kigoma, maneno hayo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam, pamoja na kikao cha nani auze kiwanja. Kabla ya kikao hicho, daktari aulizwe: je, hili si donge la kalsiamu?

Upande wa kushoto wa moyo, kati ya chumba cha juu na cha chini, ipo valvu ya mitrali, nayo imeshikiliwa na pete ngumu. Uzeeni kalsiamu hujijenga kwenye pete hiyo, hasa kwa wanawake, na hasa kwa wenye presha ya muda mrefu au maradhi ya figo. Kwa wachache, katikati ya donge hulainika. Ndani hukutwa uji mzito mweupe kama dawa ya meno: kalsiamu, mafuta na kolesteroli. Si saratani wala usaha, ingawa wapo duniani waliopasuliwa kifua kwa kudhaniwa hivyo.

Eko huonyesha kitu cha duara chenye ukingo mweupe na kiini cheusi kidogo, na hapo ndipo jicho hukosea. Lakini angalia kilipokaa. Miksoma, mojawapo ya uvimbe unaoanzia moyoni unaoonekana zaidi kwa watu wazima, kwa kawaida huota kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu, mara nyingi ukining'inia kwa kikonyo na kuyumba moyo unapodunda. Donge la kalsiamu hujibana kwenye pete, mara nyingi upande wa nyuma, wala haliyumbi. Pakiwa na shaka, CT humaliza ubishi mwingi: ukingo wa kalsiamu hung'aa hata kabla mgonjwa hajachomwa dawa ya kung'arisha picha, na akichomwa, katikati ya donge hapaipokei.

Wengi hawahitaji upasuaji. Hurudia eko kwa vipindi, na kuna madonge yaliyoyeyuka yenyewe. Hata hivyo donge lisipuuzwe: likikua laweza kuibana valvu au kuifanya ivujishe damu, na mara chache vipande vyake huleta kiharusi. Hapo upasuaji huwa na sababu.

Na dagaa wa Ziwa Tanganyika wasisingiziwe. Kalsiamu ya mlo wa kawaida siyo inayojenga donge hili; hakuna haja ya kuwaondoa mezani. Chumvi nyingi kwenye samaki wa kukaushwa ndiyo ya kupunguza, kwa sababu ya presha.

Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka Hospitali ya Maweni kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete aombe nakala ya picha zenyewe za eko na CT, asibebe karatasi ya majibu peke yake. Picha zaweza pia kutumwa kwa intaneti, bingwa akazisoma kabla familia haijauza chochote.