Mshono wa Mama Aliyepasuliwa

Mwaka 1879 msafiri Mwingereza, Robert Felkin, alikuwa Bunyoro katika nchi ya Uganda. Huko Kahura aliona waganga wenyeji wakimpasua tumbo mwanamke mjamzito. Mpasuaji alinawa mikono na kuliosha tumbo la mama kwa pombe ya ndizi. Kila damu ilipochuruzika, msaidizi aligusa mahali pale kwa chuma chenye moto. Kisha jeraha likafungwa kwa misumari 7 myembamba na nyuzi za gome la mti. Hawakuiondoa kwa pupa: mmoja siku ya 3, mitatu siku ya 5, iliyosalia siku ya 6. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona.

Vyombo vimebadilika, lakini shida ya damu ingalipo, na familia za Yangambi zapaswa kuijua. Wako akina mama ambao damu yao haigandi upesi: wenye ugonjwa wa damu wa kurithi, waliougua kifafa cha mimba, au wanaotumia dawa ya kuzuia damu isigande. Kwao hatari haionekani daima juu ya bendeji. Damu yaweza kujikusanya chini ya ngozi. Mshono huvimba na kuwa mgumu, na maumivu huzidi badala ya kupungua. Hapo tusingoje kuche. Bendeji ikilowa damu, gandamiza kwa kitambaa safi bila kukifunua kila mara, huku mgonjwa akipelekwa hospitali.

Bibi zetu hupenda kumkanda mzazi kwa maji ya moto. Nia yao ni njema, lakini mshono usikandwe kamwe, wala usipakwe majivu au majani. Ubaki safi na mkavu. Mama asimeze aspirini pasipo ruhusa ya daktari, wala asiache mwenyewe dawa aliyoandikiwa.

Tena iko damu ya njia ya uzazi, ambayo huua upesi zaidi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017, wa wanawake 20,060 katika nchi 21, ulionyesha kwamba dawa iitwayo asidi ya traneksamiki huwaokoa wengi, ikitolewa kabla ya saa 3 kupita tangu kuzaa. Toka Yangambi hata Kisangani ni kiasi cha kilomita 100. Kwa hiyo mume na aulize mapema, kabla mkewe hajashikwa na uchungu: dawa hiyo ipo hospitali ya karibu? Na usiku, ni nani mwenye mashua na mafuta?